Mwaka Baba Aliposhindwa na Kivuli

Kila nikifungua kopo la dawa nyeusi ya viatu, kabla sijachovya brashi, nalinusa kwanza. Wanangu hunicheka. Wanadhani mama yao ana kichaa kidogo, na mimi siwabishii, maana nikianza kueleza nitachelewa kazini. Harufu ile ni ya jiko letu la Hayes, magharibi mwa London, ghorofa ya pili, miaka ambayo ndege zilipita juu ya paa mpaka vikombe vikagongana kabatini. Ni harufu ya jioni niliyoketi sakafuni, nina miaka tisa, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, namtengeneza mgombea urais.

Ngoja nieleze taratibu, nisije nikaonekana najikweza. Watanzania wa upande wetu wa London walikuwa na jumuiya yao ya kuzikana na kusaidiana. Jumuiya za namna hiyo kwa kawaida huwa na mwenyekiti. Yetu ilikuwa na rais. Waanzilishi waliona uenyekiti ni cheo cha ushirika wa pamba, na kwa kuwa walikuwa ughaibuni na hakuna wa kuwakataza, wakajipa kikubwa. Rais mwenyewe alikuwa baba yangu.

Siku za kazi baba alipanga mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Kule walimwita Joe. Jina lake si Joe wala halifanani na Joe, lakini msimamizi wake wa kwanza alishindwa kulitamka, ikawa basi. Jumapili, kwenye ukumbi wa kanisa tuliokuwa tukiukodi, alivaa suti yake ya kijivu na watu wazima walisimama kumpa mkono wakimwita Mheshimiwa. Mimi niliyekuwa nikikaa nyuma yake niliyaona mabega yake yakipanuka. Nilikuwa mdogo, lakini hilo nililielewa vizuri: baba alikuwa mtu siku moja kwa wiki, na siku hiyo aliipata kwa sababu ya urais.

Mama alikuwa muuguzi, mara nyingi shifti za usiku. Hakuwa na cheo chochote kwenye jumuiya. Mtu akilazwa, simu ililia kwetu na aliyeulizwa ni mama. Mtu akifariki, simu ililia kwetu na aliyeulizwa ni mama. Baba alisoma risala.

Uchaguzi ulifanyika kila baada ya miaka miwili. Wazee walikaa, wakanywa chai, wakaleta jina moja. Kisha kila mwanachama alipewa kikaratasi chenye picha ya baba upande wa kushoto, na upande wa kulia kichwa cheusi, hakina macho wala mdomo. Ukimtaka baba uliweka alama chini ya picha. Humtaki, uliweka chini ya kile cheusi. Waliita kivuli, na kura za namna hiyo ziliitwa kura za kivuli.

Nilikuwa mtoto wa maswali, mpaka mama alinibatiza jina la Mwandishi wa Habari. Nilielewa Kiswahili chote ila nilijibu kwa Kiingereza, kama sisi wote tuliozaliwa huku. Nilimwuliza baba yule mtu mweusi ni nani.

"Si mtu," alisema. "Ni hapana. Nyumbani ndivyo tunavyomchagua rais. Chama kinaleta jina moja, wewe unasema ndiyo au hapana."

"Na kivuli akishinda?"

"Hajawahi kushinda."

Hilo lilinisikitisha sana. Nilimhurumia Kivuli. Nilimwona akiamka asubuhi, anavaa, anapanda basi mpaka ukumbini, anashindwa, anarudi kwake hata chai hajapewa. Kila uchaguzi alipata kura moja au mbili, watu wakacheka na kuulizana nani huyo aliyempigia, na yeye miaka miwili baadaye akarudi tena bila kinyongo. Nilimwuliza Mzee Ramji huyu Kivuli anatoka mkoa gani.

Mzee Ramji alikuwa na duka la vitambaa Harrow. Alizaliwa Tabora, Kiswahili chake kilikuwa cha zamani na kizuri, na ndiye aliyesimamia uchaguzi wetu kila mara kwa sababu, walisema, hakuwa na undugu na mtu yeyote ukumbini. Hakunicheka. Alivuta kiti akanikalisha.

"Kivuli ni mgeni tu, binti," alisema. "Mara ya kwanza kabisa tulipopiga kura ya rais, uhuru bado mbichi, karatasini walikuwa watu wawili. Wote wana nyuso, wote wana majina. Mmoja alishinda sana, lakini walikuwa wawili. Halafu chama kikabaki kimoja, na jina likabaki moja. Sasa ile nafasi ya pili utaweka nini? Wakaweka kivuli."

"Na wabunge?"

"Ah, wagombea ubunge walibaki wawili wawili kila jimbo, tena wa chama kimoja. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwenzake nyumba. Wa jembe anasimama: bila mimi hamli. Wa nyumba naye anasimama: sawa, na hilo jembe jioni mnaliweka wapi?" Alicheka mpaka akatoa leso. "Sasa huko nyumbani wanarudisha vyama vingi. Karatasi itajaa nyuso, wewe utaona."

Niliondoka pale nimechanganyikiwa kwa furaha. Walikuwa wawili, akabaki mmoja na kivuli, sasa wanarudi wengi. Kwangu mimi ilikuwa hadithi ya Kivuli: alikuja lini, alikaa muda gani, na sasa anafukuzwa aende wapi? Usiku ule nilimfuata baba bafuni anaponyoa ndevu, nikamwuliza kwa nini yule mtu wa pili aliondolewa.

"Nchi ilikuwa changa. Waliogopa tutagawanyika."

"Mligawanyika?"

"Hatukugawanyika."

"Kwa sababu ya kivuli?"

"Nenda kalale," alisema baba.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa tumehama kutoka chumba kimoja kwenda ile ghorofa ya pili, na katika kuhama, kile kichwa cha karatasi ngumu ambacho baba alikitumia kila uchaguzi kilipotea. Uchaguzi ulikuwa umekaribia. Baba akaniambia, kwa vile nilikuwa namjua sana Kivuli, nimtengeneze mwingine. "Kichwa chochote tu," alisema, akaenda kazini.

Ilikuwa majira ya joto, jua la jioni lilikuwa limeingia jikoni moja kwa moja. Mama aliketi mezani anachambua mchele kabla ya kwenda shifti, na kivuli chake kilikuwa kimelala ukutani, kikubwa na safi, pua, kidevu na vyote. Alikuwa amefunga kilemba cha kitenge kwa namna yake, fundo kubwa mbele limeinama kidogo kushoto. Nilibandika karatasi ukutani, nikamwomba atulie, nikamfuatisha kwa penseli, kilemba na vyote.

"Fanya haraka, shingo inaniuma," alisema, lakini alitulia.

Kalamu nyeusi ilikauka nikiwa nimefika masikioni. Ndipo nilipokwenda kuchukua dawa ya viatu ya baba. Inapaka vizuri sana, dawa ya viatu, ila haitoki, na siku mbili shuleni niliulizwa nimefanyaje.

Baba aliporudi aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole, akaisogeza dirishani. "Kivuli kizuri hiki," alisema. Kesho yake akaipeleka dukani, wakaipunguza na kuitoa fotokopi pembeni ya picha yake. Mpaka leo husema hakutambua kitu, alikuwa anawahi basi. Sijui. Mwanamume aliyelala pembeni ya kichwa kile miaka yote ile.

Jumapili ya uchaguzi ukumbi ulinuka chai ya tangawizi na makoti yaliyolowa mvua. Kwenye pembe walitundika kanga, na nyuma yake kulikuwa na meza na kalamu. Watu waliingia mmoja mmoja. Niliona jambo moja la ajabu: akina mama walikuwa wanakawia nyuma ya kanga, na wakitoka hawakuwa wanatazamana. Mmoja, Mama Kulwa, alitoka amejiziba mdomo kwa mtandio. Mumewe alikuwa amelazwa majira ya baridi yaliyopita, na mama yangu akitoka shifti alimpitia wodini kumnyoa ndevu, kwa sababu mgonjwa mwenyewe alikuwa akiona aibu kuonekana hajanyolewa.

Mzee Ramji alihesabu kwa sauti, akiinua kila karatasi ili wote waione. "Picha," alisema. "Picha. Kivuli." Watu wakacheka kama kawaida. "Picha. Kivuli. Kivuli." Wakacheka kidogo. "Kivuli. Kivuli. Picha. Kivuli." Sasa hakuna aliyecheka. Mimi nilianza kwa kumshangilia Kivuli moyoni, maana hatimaye siku yake imefika, kisha nikayaona mabega ya baba. Yalikuwa yameshuka, yamekuwa mabega ya Joe. Nikatamani Kivuli asipate hata moja zaidi, lakini zikaendelea.

Mzee Ramji alivua miwani. "Ndugu zangu, hapana imeshinda," alisema. "Nyumbani hapana ikishinda, sheria inataka liletwe jina lingine. Haikuwahi kutokea, kwa hiyo nawaambia nilivyosoma, sijaona. Sasa mnaleta jina gani?"

Halafu Mama Kulwa akasimama. "Jina si tunalo? Hicho kivuli kimefunga kilemba, Mzee Ramji. Kwani wewe hukukiona?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mama alikuwa jikoni anasuuza vikombe. Walimwita, akatokea mlangoni mikono imejaa povu, na alipoonyeshwa karatasi aliitazama muda mrefu. "Jamani, mimi sijagombea," alisema. "Mimi nilikuwa nachambua mchele."

Wazee walitoka nje kushauriana, wakarudi na busara yao: mama asimame peke yake mwezi ujao, apigiwe ndiyo na hapana kama desturi, yaishe. Watu walianza kupiga makofi. Hapo baba akanyanyuka.

"Na mimi nagombea," alisema.

Makofi yalikatika. Mmoja wa wazee alimwambia kwa upole, "Mheshimiwa, umeshapewa jibu." Baba alisema amelisikia jibu, na bado anagombea, picha yake iwe upande mmoja na ya mama upande wa pili, kivuli kitolewe kabisa. Nyuma yangu mtu alinong'ona kwamba king'ang'anizi ni king'ang'anizi tu, hata awe London. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Ndani ya basi nilikwenda kukaa mbali na baba na mama.

Nyumbani mama alimwuliza mara moja tu. "Baba Tumaini, si uache tu?"

"Siachi."

"Watu watakucheka."

"Wacheke."

Mama akamtazama, akavua kilemba, akakifunga upya. "Basi na mimi siachi," alisema.

Mwezi ule nyumba yetu ilikuwa ya ajabu. Baba alikuwa akienda kuomba kura Harrow, kwa hiyo mama, akiwa off, alienda Harrow. Kwa kuwa basi ni lile lile na watu ni wale wale, mara nyingi walikwenda pamoja, wakaingia nyumba moja, wakanywa chai ya birika moja, kisha kila mmoja akaeleza kwa nini mwenzake asichaguliwe. Wenyeji hawakujua wacheke au wanyamaze. Baba alikuwa mkali. Alisema yeye ndiye aliyeongea na council, halmashauri ya mtaa, tukapata ukumbi wa nafuu, na ni kweli. Mama alisema ukumbi hauwezi kumtembelea mgonjwa. Njiani kurudi alimshikia baba mwavuli.

Siku yenyewe, kabla ya kura, baba aliomba kila mgombea aruhusiwe kumwuliza mwenzake maswali. Hakuna aliyewahi kusikia kitu hicho. Kivuli huwezi kukiuliza swali.

"Mgombea mwenzangu," baba alianza, kwa ile sauti yake ya risala, "mtu wetu amefariki hospitali, hana ndugu hapa. Wanataka kujua mwili unakwenda wapi. Wewe rais unaanzia wapi?"

Nilimchukia. Nasema ukweli, nilimchukia baba yangu dakika ile. Niliona anamwonea mama mbele za watu, mama ambaye hakuwahi kuhutubia hata kwenye birthday. Mama alisimama, ameshika ncha ya kitenge chake. Kisha akaanza, pole pole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alisema unaanza na nani pale mochwari na umjie saa ngapi. Cheti cha kifo kinatoka wapi, ubalozi unataka nini, shirika la ndege linataka jeneza la namna gani. Na nyumbani, alisema, humpigii simu mama mzazi. Unamtafuta kwanza jirani, umwambie aende akakae naye, asimwambie kitu, akae tu, ndipo upige.

Mama Kulwa alikuwa analia waziwazi. Baba alisubiri, akauliza la pili, kuhusu vijana wasio na makaratasi wanaoogopa kwenda hospitali, na mama akalijibu. Akauliza la tatu. Zamu ya mama ilipofika, aliuliza moja: "Na wewe Mheshimiwa, mgonjwa wa mwisho uliyemtembelea ni nani?" Baba alifikiri kwa dhati. Alisema hakumbuki, ukumbi ukaguna. Lakini hakukaa chini. Alijitetea, akataja aliyoyafanya, akaomba kura kwa nguvu kuliko mwaka wowote nilioukumbuka.

Alishindwa vibaya. Mzee Ramji hakuita tena picha na kivuli. Aliita majina, jina la baba na jina la mama. La mama, ambaye ukumbi wote ulimwita Sister au Mama Tumaini, wengi ndiyo kwanza walikuwa wanalisikia. Baba alifunga vifungo vya koti, akaenda kumpa mkono, akamwita Mheshimiwa. Jumapili zilizofuata alipanga viti. Watu walimwita Rais Mstaafu, na alisema hicho ndicho cheo bora kuliko vyote maana hakina uchaguzi.

Mimi nilibaki na aibu yangu. Nilikua nikiamini kwamba baba yangu, mtu mwema kwa mengi, aliupenda ukubwa kiasi cha kukubali kupigwa mara mbili kuliko kumwachia mkewe. Sikumwambia mtu. Ni jambo unaloliweka pembeni na kuendelea kumpenda mzazi wako.

Mwaka jana, kwenye shule ya wanangu Harrow, walitafuta mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Mtu mmoja alitaja jina langu. Wakauliza kama kuna jina lingine, hakuna. Nikapigiwa makofi machache, mkutano ukahamia kwenye habari za uzio. Nilipotoka nilijihisi vibaya na sikujua kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa kueleza mambo niliyotaka kuyafanya, lakini hakuna aliyeniuliza. Hata leo sijui kama walinitaka au walikuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Nilikuwa nimeshinda na sikuwa nimechaguliwa.

Jumamosi ile nilikwenda Hayes. Baba sasa ana themanini kasoro, kazi yake ni kubishana na redio. Mama alikuwa amelala. Nilimwambia ya shuleni, halafu nikamwuliza swali ambalo Mwandishi wa Habari alipaswa kuliuliza zamani: kwa nini aligombea tena akijua atashindwa?

"Wangemweka mama yako na kivuli," alisema. "Angeshinda. Halafu siku ya kwanza anakosea, wangesema huyu aliingia kwa kichekesho cha kilemba. Mimi nilikuwa rais miaka yote ile, nilimshinda kivuli tu, na nilijua."

"Kwa hiyo ulimwachia."

Alizima redio. Nilikuwa nimemuudhi. "Nani alimwachia? Nilitafuta kura nyumba kwa nyumba, wewe ulikuwepo. Nilijipigia mwenyewe. Nilitaka kushinda, Tumaini. Ningejifanya tu nagombea, si ningekuwa kivuli kingine?"

Nilimwashia redio yake. Pale nilipoona ubishi miaka yote ile, baba alikuwa amesimama mahali pa yule mtu wa pili aliyeondolewa karatasini, na alikuwa amesimama na uso wake. Utotoni nilidhani kumpenda mtu ni kumpisha. Sikujua kwamba unaweza kumheshimu mtu mpaka ukakataa kumpisha.